Usianzie duka la dawa

Ndugu yangu wa Mbeya, ukihisi mkojo unachoma au ukiona kidonda sehemu za siri, usikimbilie duka la dawa kununua vidonge viwili vitatu. Dozi nusu hutuliza dalili tu, na kipimo kinaweza kisione kitu. Nenda kituo cha afya cha serikali asubuhi, hata kama baridi ya Julai inakuvuta kitandani. Pale dirishani, watu wakiwa wamekubana mgongoni, sema tu, "Naomba kumwona daktari." Mengine utayaeleza ndani, mlango ukishafungwa. Omba upimwe kaswende pamoja na VVU: vipimo vya haraka vinataka tone la damu kidoleni, na majibu hayachukui hata saa nzima. Cha VVU hulipii.

Kaswende ndiyo inayoniumiza roho. Kidonda chake mara nyingi hakiumi, kinapona chenyewe, mtu anajiona mzima kumbe ugonjwa unaendelea mwilini.

Kama ulifanya ngono isiyo salama jana au juzi, wahi ndani ya saa 72 uulizie dawa za kinga ya VVU, kisha upime tena baada ya miezi 3. Ukikutwa na ugonjwa wa zinaa, nenda na mwenzi wako mtibiwe wote, msije mkaambukizana upya.