Programu Inakataa Kuingia Kwenye Kompyuta ya Zamani: Pitia Hatua Hizi Kabla ya Kupiga Windows Upya

Kompyuta nyingi zinazofika mezani kwangu ni za steshenari, shule na ofisi ndogo: Core 2 Duo au Core i3 za mwanzo, RAM ya GB 2 au 4, Windows 7, na mwenyewe ameshaambiwa kwamba dawa ni kupiga Windows upya. Mara nyingi siyo dawa. Ukipiga Windows upya unapoteza draiva za printa ambazo siku hizi kuzipata ni kazi, unapoteza programu ya hesabu aliyoiweka mtu ambaye hayupo tena, na unapoteza mafaili ambayo hakuna aliyekumbuka kuyahamisha. Halafu programu ileile inakataa tena, kwa sababu chanzo hakikuguswa.

Hatua hizi nimezipanga kwa gharama. Tunaanza na vitu visivyokula bando wala pesa, kupakua kunakuja baadaye. Nimeandika nikiwa na Windows 7 akilini, lakini sehemu kubwa inafaa pia kwa 8.1 na 10.

Jambo moja kabla ya kugusa chochote: programu ikigoma, usibofye OK haraka. Piga picha ya kile kidirisha kwa simu. Namba kama 1603 au jina la faili linaloishia na .dll (faili la msaada linalohitajiwa na programu) ndilo litakalokuambia uende hatua ipi. Mteja akiniambia tu "imekataa", inabidi nianze kwa kuisakinisha tena ikatae mbele yangu ili niusome ujumbe.

Hatua ya 1: Angalia saa na tarehe

Tazama pembeni chini kulia. Kama kompyuta inadhani tuko 2009, usiendelee na kitu kingine. Tovuti za kupakulia zitakataa kufunguka, na programu zitalalamika kuhusu vyeti vya usalama, kwa sababu kila cheti kina tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kompyuta inapima kwa saa yake yenyewe.

Rekebisha tarehe, mwaka, na majira ya saa (Nairobi, UTC+03:00, ndiyo inayotumika kwetu Tanzania pia). Kisha zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, subiri kidogo, washa tena. Tarehe ikirudi nyuma, betri ya saa iliyo kwenye mazabodi imekufa. Ni betri bapa ya CR2032, inauzwa hata kwenye maduka ya saa.

Kabla ya kuibadilisha, ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguka kabla ya Windows kuwaka) na uandike mpangilio wa SATA, yaani jinsi mashine inavyoongea na diski: ni AHCI au IDE? Betri ikitolewa, BIOS inaweza kurudi kwenye mpangilio wa kiwandani. Mpangilio huo ukibadilika, Windows itawaka hadi katikati kisha itatoa skrini ya bluu yenye 0x0000007B. Hapo ndipo watu wengi huamua kwamba Windows imeharibika na kuifuta, wakati kilichohitajika ni kurudisha neno moja kwenye BIOS.

Hatua ya 2: Jua una Windows gani na ni ya biti ngapi

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika winver, bonyeza Enter. Utaona toleo. Kwenye Windows 7 hakikisha maneno "Service Pack 1" yapo. Kama hayapo, hilo ndilo deni lako la kwanza, na tutalilipa kwenye hatua ya 6.

Kisha bofya Computer kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua Properties, soma mstari wa "System type". Ukiona biti 32, programu za biti 64 hazitaingia kabisa. Ujumbe wake wa kawaida ni "is not a valid Win32 application" kwenye Windows 7, au "This app can't run on your PC" kwenye 8 na 10. Ujumbe huohuo hutokea pia faili likipakuliwa nusu, kwa hiyo usihukumu kabla ya kupita hatua ya 5.

Kompyuta nyingi za Core 2 Duo zina prosesa ya biti 64 lakini ziliwekewa Windows ya biti 32. Mashine kama hiyo inaweza kubebeshwa mfumo wa biti 64, ila hiyo ni kazi nyingine. Kwa leo, pakua programu ya biti 32.

Hatua ya 3: Tafuta toleo linalokubali mfumo wako

Msaada wa Windows 7 uliisha tarehe 14 Januari 2020, wa 8.1 ukaisha tarehe 10 Januari 2023, na wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Baada ya tarehe hizo watengenezaji wa programu huanza kujiondoa mmoja mmoja, na tovuti zao hukupa toleo jipya bila kukuuliza una nini.

Kwa Windows 7 na 8.1, Chrome iliishia toleo la 109. Firefox iliishia toleo la 115, lile la ESR (la msaada wa muda mrefu). Anayejifunza Python aishie 3.8 kwa Windows 7. LibreOffice iliacha mifumo hiyo kuanzia toleo la 25.8, kwa hiyo nenda kwenye hifadhi ya matoleo ya zamani kwenye tovuti yao yenyewe. VLC haina shida, toleo la 3 linaingia hadi kwenye Windows XP.

Toleo la zamani lichukue kwa mtengenezaji mwenyewe. Zile tovuti zenye vitufe vitano vya "Download" kwenye ukurasa mmoja ndizo zinazojaza kompyuta matangazo na virusi. Na ukiweza, chukua kifurushi kizima, kile kinachoingia bila intaneti. Kile kidogo cha MB moja au mbili kinakwenda kupakua mzigo chenyewe, na kwenye Windows 7 mara nyingi kinakwama njiani huku bando likiisha.

Hatua ya 4: Nafasi kwenye C

Hata ukichagua programu ikae D, kwa kawaida inafunguliwa kwanza kwenye folda ya muda iliyoko C. Nikikuta C ina chini ya GB 5, nasafisha kwanza.

Bonyeza Windows na R, andika %temp%, futa vilivyomo (vinavyogoma viache, vinatumika). Kisha endesha cleanmgr, kisafishaji diski cha Windows chenyewe. Kama kompyuta haitumii hibernate (kulala kwa kuhifadhi kazi kwenye diski), fungua Command Prompt kwa "Run as administrator", andika powercfg -h off. Amri hiyo inaondoa faili la hiberfil.sys, ambalo kwenye mashine ya RAM GB 4 linakula kama GB 3.

Hatua ya 5: Je, faili lenyewe ni zima?

Intaneti ikikatika katikati, unaweza kubaki na faili lenye jina sahihi na ukubwa pungufu. Linganisha ukubwa na ule ulioandikwa kwenye tovuti. Kama tovuti imetoa alama ya SHA256 (mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu unaolitambulisha faili), fungua Command Prompt kwenye folda lilipo faili na uandike:

certutil -hashfile jinalafaili.exe SHA256

Herufi na tarakimu zikitofautiana hata moja, faili ni bovu au limechezewa. Pakua upya. Ukipewa faili kwa flashi, linakili kwanza kwenye diski ya kompyuta ndipo ulifungue. Flashi za bei rahisi zinasumbua sana kwenye kusoma mafaili makubwa.

Hatua ya 6: Sahihi za kidijitali kwenye Windows 7

Hapa ndipo mashine nyingi zinapokwama, na ndipo ninapoomba uwe mvumilivu. Programu na masasisho husainiwa kidijitali ili Windows ijue zimetoka kwa nani na hazijachezewa. Windows 7 ilipotoka ilitegemea sahihi za aina ya zamani, SHA-1, na mwaka 2019 Microsoft walihamia aina mpya, SHA-2, peke yake. Windows 7 ambayo haijawahi kusasishwa haiwezi kuzithibitisha ipasavyo sahihi hizo mpya, kwa hiyo draiva, antivairasi na hata masasisho ya Microsoft wenyewe yanakataliwa.

Nenda kwenye Microsoft Update Catalog, tovuti ya Microsoft ya masasisho, hata kwa kutumia kompyuta nyingine, utafute kwa namba na upakue yale ya x86 kama una biti 32, au x64 kama una biti 64. Utaratibu ni huu: kwanza Service Pack 1 (KB976932) kama haipo, washa upya. Kisha KB4490628, washa upya. Kisha KB4474419, washa upya tena. Usiruke na usigeuze mpangilio.

Ukiambiwa "The update is not applicable to your computer", kuna mambo matatu ya kuangalia: umechukua ya biti zisizo zako, Service Pack 1 haipo, au sasisho hilo lilishaingia zamani. La tatu ni habari njema. Lithibitishe kwenye Control Panel, sehemu ya "View installed updates".

Hatua ya 7: Inadai faili la .dll

Tafadhali usiingie mtandaoni kutafuta .dll moja moja na kuibandika kwenye System32. Hujui imetoka kwa nani, na ukiipata hiyo utadaiwa nyingine.

Ujumbe ukitaja api-ms-win-crt-runtime-l1-1-0.dll, weka sasisho la KB2999226, kisha Visual C++ Redistributable ya 2015–2019, kifurushi cha Microsoft chenye mafaili hayo ya .dll. Ukitaja VCRUNTIME140.dll au MSVCP140.dll, hiyohiyo Redistributable inatosha. Kwenye Windows ya biti 64 weka zote mbili, ya x86 na ya x64, kwa sababu programu ya biti 32 inatafuta ya x86 hata ikiwa ndani ya mfumo wa biti 64.

Programu ikidai .NET Framework (kifurushi kingine cha Microsoft ambacho programu nyingi hukitegemea), ya mwisho inayofaa kwa Windows 7 ni 4.8. Chukua kifurushi kizima. Ikikataa kwa maneno "A certificate chain could not be built to a trusted root authority", kinachokosekana ni cheti kikuu cha Microsoft cha 2011. Kipakue kutoka Microsoft, kiweke kwenye "Trusted Root Certification Authorities", urudie.

Hatua ya 8: Namba 1618, 1719 na 1603

1618 maana yake kuna usakinishaji mwingine unaendelea. Subiri, au washa kompyuta upya.

1719 ni huduma ya Windows Installer imelala. Kwenye Command Prompt ya administrator andika msiexec /unregister, kisha msiexec /regserver, kisha net start msiserver.

1603 ndiyo inayosumbua vichwa, maana inasema tu kwamba kuna kitu kimeshindikana. Angalia kwanza kama mabaki ya toleo la zamani yapo, uyaondoe kupitia Control Panel. Angalia kama folda unayoweka programu imefungwa kwa usimbaji, au kama akaunti ya SYSTEM imenyimwa ruhusa juu yake. Ikiendelea, na faili lako linaishia na .msi, lazimisha kompyuta iandike kila inachofanya:

msiexec /i jinalafaili.msi /L*v C:\ripoti.txt

Fungua ripoti hiyo kwa Notepad, bonyeza Ctrl na F, tafuta "value 3". Mistari michache iliyo juu ya maneno hayo ndiyo inayotaja kilichogoma: folda gani, huduma gani, faili gani. Ripoti ina maelfu ya mistari na inatisha kuitazama, lakini sehemu unayoihitaji haizidi ukurasa.

Hatua ya 9: Diski yenyewe

Ukiona "cyclic redundancy check" (kosa la kusoma diski), au usakinishaji unaganda kila mara sehemu ileile huku diski ikikwaruza, acha kusakinisha. Nakili mafaili muhimu nje kwanza, leo hii. Ndipo utumie CrystalDiskInfo kuangalia afya ya diski. Rangi ya njano au nyekundu, hasa kwenye mistari ya "Reallocated Sectors Count" na "Current Pending Sector", inamaanisha diski inakufa, na hakuna programu itakayoitibu. Nunua SSD. Ndogo ya GB 120 au 240 inatosha kwa kazi za steshenari, na mashine itawaka haraka kuliko ilipokuwa mpya.

Ikishindikana yote

Kuna programu ambazo haziwezi kuingia kwa sababu prosesa haina amri zinazohitajika. Hapo mwambie mwenye kompyuta ukweli, usimlipishe majaribio. Kama kazi yake ni barua, barua pepe na kuvinjari, prosesa ni ya biti 64 na RAM inafika GB 4, mwekee Linux Mint ya Xfce, mfumo mwepesi unaokaa badala ya Windows. Kama prosesa ni ya biti 32 tu, Debian 12, mfumo mwingine wa Linux, bado inaingia. Mint iendeshe kwanza kutoka kwenye flashi bila kugusa diski, uunganishe printa yake na uchapishe ukurasa mmoja mbele yake. Printa ikikubali ndipo uzungumze naye kuhusu kuhama.