Saa ya ukutani ikigoma, sikiliza mlio wake kwanza
Kama una saa ya zamani ya kujaza kwa ufunguo, ile yenye pendulumu (kile kizito kinachobembea chini), usikimbilie kusema springi imekatika. Mara nyingi imetundikwa upande tu. Sukuma pendulumu taratibu, usikilize. Ikilia "tik-tak... tik-tak..." kwa kuchechemea, sogeza kidogo sehemu ya chini ya kasha, kushoto au kulia, mpaka milio ipishane sawasawa. Kisha piga alama ya penseli ukutani, maana anayefuta vumbi ataisogeza tu.

Huku kwetu Njombe na Makete kuna na baridi ya Juni na Julai. Mafuta ya siku nyingi yaliyoshikana na vumbi yanakuwa mazito, saa inachoka. Hapo mpe fundi aifungue na kuisafisha. Kuimiminia alizeti (wapo wanaofanya hivyo!) ni kuiua kabisa. Inataka mafuta ya saa, tone dogo kwenye matundu ya ekseli (vijiti vinavyobeba gia). Meno ya gia yabaki makavu.

Ikishaanza kwenda, zungusha mshale mrefu kwenda mbele tu, ukiisubiri igonge kila saa. Ikichelewa, pandisha nati ya chini ya pendulumu, ikiwahi, ishushe.