Bagamoyo kwa siku moja: anza Kaole

Mgeni akitaka nimtembeze Bagamoyo, namwambia tuanze na magofu ya kale ya Kaole asubuhi, kabla jua halijakolea. Ni kama kilomita 5 kusini mwa mji. Bajaji inatosha, ila patana na dereva akusubiri, maana usafiri wa kurudi ni wa kubahatisha.

Kaole usikimbie. Msikiti wake mkongwe unahesabiwa kuwa wa karne ya 13. Tembea polepole makaburini, hasa kwenye yale ya nguzo, utafute vishimo vilivyopachikwa bakuli za Kichina. Usiegemee wala usipande: ni mawe ya matumbawe na chokaa, kipande kikidondoka ndiyo basi tena. Wapo wanaokuja kuomba dua hapo, kwa hiyo jisitiri na ushushe sauti.

Mchana hamia Mji Mkongwe. Boma la Wajerumani lipitie tu. Milango ya nakshi ndiyo ikuchukulie muda. Makao makuu ya utawala wa Wajerumani yalikuwa hapa Bagamoyo hadi 1891, yakahamia Dar es Salaam.

Malizia misheni ya Wakatoliki, kwenye mnara ulipolazwa mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar. Hapo mimi huwataja kwanza Chuma na Susi, waliomleta kwa miguu kutoka bara.