Somo: Kuandaa dodoso ambalo watu watakubali kulijaza

Tunaofanya uchunguzi hapa Lubumbashi, tukirudi jioni na karatasi nyingi ambazo hazikujazwa, huwa tunawalaumu watu kwamba hawajali au wanaogopa. Mara nyingi sababu imo ndani ya dodoso lenyewe. Mtu huamua kujibu au kukataa mapema sana, kabla hajasikia hata robo ya maswali, na anachopima wakati huo ni sura ya karatasi, lugha yake na maneno ya aliyeileta. Mfano nitakaoutumia ni uchunguzi wa maji, nyumba kwa nyumba, katika komine ya Katuba.

Hatua ya 1: Amua utakavyohesabu. Kiwango cha majibu ni idadi ya waliojibu ikigawanywa kwa idadi ya wote waliostahili kuhojiwa, si ya waliofungua mlango tu. Ukichagua nyumba 200, ukakuta 10 hazina wakaaji, na 133 zikajibu, gawanya 133 kwa 190, upate asilimia 70. Tenganisha katika daftari waliokataa na wasiokutwa nyumbani.

Hatua ya 2: Andika ukurasa wa kwanza kwa uangalifu kuliko kurasa zote. Sentensi tano zinatosha kueleza wewe ni nani, unachunguza nini, nyumba hii ilichaguliwaje, mazungumzo yatachukua dakika ngapi, na majina yatafichwa namna gani. Don Dillman, mwanasosholojia wa Marekani, alieleza mwaka 1978 kwamba mtu hukubali kujibu pale anapoona faida ya kujibu inazidi usumbufu wake, na pale anapomwamini anayeuliza. Kwa hiyo, ikiwa maswali yako yanachukua dakika 20, sema 20. Ukisema tano, mwenye lupango, yaani kiwanja chenye nyumba, atakuacha katikati, na jirani yake atakuwa ameshasikia habari zako kabla hujafika kwake. Mjulishe chefu wa kartiye mapema na utembee na barua yake, lakini usiuweke muhuri wake juu ya dodoso, kwa maana karatasi yenye muhuri mkubwa inaweza kudhaniwa kuwa ya kodi.

Hatua ya 3: Pima kila swali. Tazama swali hili: «Je, maji ni safi na yanapatikana kila siku?» Mama ambaye maji yake ni safi lakini hutoka usiku wa manane tu hana pa kuweka alama, kwa sababu ameulizwa mambo mawili kwa pamoja. Afadhali uulize: «Mara ya mwisho maji yalitoka bombani lini?» kisha utoe majibu haya: leo, jana, siku mbili hadi saba zilizopita, zaidi ya siku saba, hatuna bomba. Jibu la mwisho ndilo linalosahauliwa, na anayeteka maji kisimani, akiona hakuna nafasi yake, huona kwamba uchunguzi wote haumhusu. Anza na maji, kwa kuwa ndiyo uliyoyatangaza. Umri, masomo na mapato yaje mwisho, na mapato yaulizwe kwa makundi ya franka. Dodoso liwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili kinachosemwa nyumbani Katuba. Kabla ya kuchapisha nakala zote, wasomee watu wachache wa hapo, uwaombe wakueleze kwa maneno yao kila swali linauliza nini.

Hatua ya 4: Ipe karatasi nafasi ya kupumua. Kubana herufi ili kuokoa ukurasa mmoja ni hasara, kwa sababu ukurasa uliojaa humtisha msomaji kuliko kurasa mbili zilizo wazi. Majibu yapangwe kwa wima, katika safu moja.

Hatua ya 5: Rudi tena. Asiyekutwa asubuhi ya siku ya kazi atafutwe jioni au Jumamosi. Kurudi saa ileile kila mara hakusaidii.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, mtu akikataa, naweza kumhoji jirani yake ili nitimize idadi?
Jibu: Hapana, ndugu yangu. Idadi itatimia, lakini kukataa kutakuwa kumefichwa. Mwandike kuwa amekataa, na ikiwa unatarajia upungufu, chagua nyumba nyingi zaidi tangu mwanzo.

Swali: Tutume dodoso kwa simu, na tuahidi megabaiti kwa watakaomaliza?
Jibu: Zawadi ndogo inayotolewa kabla huvuta watu kuliko kubwa inayoahidiwa baadaye. Ondoa picha zinazomaliza megabaiti za mtu, na uepuke majedwali mapana, maana kwenye simu ndogo safu za mwisho hazionekani. Kumbuka pia kwamba wasio na simu ya intaneti hawatakuwemo kabisa.

Swali: Mwalimu, asilimia ngapi zinatosha?
Jibu: Hakuna namba moja, dada. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi kama milioni 10 na kurudishiwa zaidi ya milioni mbili, kisha likatabiri kwamba Landon angemshinda Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alishinda majimbo 46 kati ya 48. Majina mengi yalitoka katika orodha za wenye simu na magari, na waliorudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. Kwa hiyo linganisha unachokijua juu ya waliojibu na juu ya wasiojibu: avenyu, aina ya nyumba, kuwa na bomba au kutokuwa nalo. Ikiwa waliokataa wengi wanakaa kwenye avenyu zisizo na mabomba, asilimia 70 yako itaonyesha maji mengi kuliko yaliyopo Katuba, na ni lazima uliandike hilo katika ripoti, karibu na namba yenyewe.