Famasia ya Mtaa Inafungwa: Hamisha Dawa Zako Kabla ya Siku ya Mwisho

Tangazo la kufunga likishabandikwa mlangoni, hesabu vidonge vilivyobaki kwenye kichupa kabla ya kuhesabu siku za duka. Hapa Marekani, kampuni ya famasia ya Rite Aid ilifunga maduka yake yote mwaka 2025, na nyingine, Walgreens, ilitangaza mwaka 2024 kwamba itafunga maduka yapatayo 1,200 ndani ya miaka 3. Tangazo hilo laweza kukukuta popote.

Duka likifungwa, mafaili ya wateja kwa kawaida hupelekwa duka jingine. Dawa zako hazipotei, lakini zinaweza kuangukia mahali pasipo na basi, au kwa duka ambalo bima yako hailipii. Tena wiki hiyo duka hilo linakuwa limepokea wagonjwa wa mtaa mzima, na foleni yake si ya kawaida. Chagua mwenyewe, angalau wiki 2 kabla.

Panga vichupa vyote mezani, hata vitupu, upige picha kila lebo. Unachotafuta ni namba iliyoandikwa karibu na herufi Rx, jina la dawa na nguvu yake kwa miligramu, na neno "Refills", yaani mara ngapi bado unaweza kuongezewa. Ukikuta 0, hakuna cha kuhamisha. Mpigie daktari aagize upya moja kwa moja kwenye duka jipya. Katika majimbo mengi agizo la dawa za kawaida hufa baada ya mwaka 1, hata kama hujamaliza kuongezewa.

Piga namba iliyo nyuma ya kadi ya bima, uulize ni famasia zipi za karibu inazolipia. Kisha nenda duka jipya, si la zamani, maana duka jipya ndilo linaloomba dawa zihamishwe. Wape namba ya simu ya duka la zamani, picha za lebo na kadi yenyewe ya bima. Usitaje jina kwa mdomo tu. Wengi waliopita kambi za wakimbizi wameandikiwa kuzaliwa Januari 1, na ndugu wenye jina moja la ukoo na tarehe moja ni rahisi kuchanganyiwa mafaili.

Dawa kali za maumivu na za kuwasaidia watoto kutulia na kuwa makini zina sheria zake. Nyingine hazihamishwi kabisa zikishaanza kutolewa, kwa hiyo anza nazo kwa kumpigia daktari. Bima nayo hukataa kulipa mapema: vidonge vya siku 30 ulivyochukua tarehe 3, mara nyingi haitalipa vingine kabla hujatumia karibu robo tatu, yaani kama tarehe 25. Duka likifungwa tarehe 20, mwombe mfamasia azungumze na bima, au dawa iwe imeshahamishwa kufikia siku hiyo. Insulini usiikubali kwa posta kabla ya kuuliza itafungashwaje. Ambayo haijafunguliwa hukaa nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na ikiganda imeharibika.

Mkalimani ni haki yako na halipiwi katika famasia zinazopokea Medicaid au Medicare, yaani bima za afya za serikali. Sema "Swahili interpreter", usubiri simu iunganishwe. Tafadhali usimbebeshe mtoto kazi hiyo. Lebo ikisema "8 AM", mtoto aliyekulia huku atamwambia bibi yake "saa nane", naye bibi atameza dawa mchana badala ya saa mbili asubuhi. Andika mwenyewe kwa kalamu nene juu ya kichupa: ASUBUHI, SAA MBILI.

Kabla duka halijafungwa, omba wakuchapie orodha ya dawa za mwaka mzima na chanjo zote mlizochomwa pale. Shule huuliza chanjo.

Siku ya kwanza kuchukua dawa duka jipya, fungua mfuko palepale kaunta na ulinganishe na picha zako. Rangi au umbo la kidonge likibadilika, huenda ni kiwanda tofauti tu, lakini muulize mfamasia kabla hujaondoka. Miligramu zikitofautiana, usiimeze mpaka daktari athibitishe.