Kuweka data za utafiti mahali zitakapodumu

Data za dodoso zinazobaki kwenye kompyuta ya mtafiti mmoja, hata kama ana nakala kwenye flashi, hupotea kirahisi: mashine huharibika, mtafiti huhama, na baada ya miaka michache hakuna anayekumbuka kwamba 9 katika safu ya elimu ilimaanisha "hakujibu". Kwa mtafiti ambaye chuo chake hakina hazina ya data, Zenodo, hazina ya mtandaoni iliyozinduliwa mwaka 2013 na kuendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, hupokea data za fani zote bila malipo, hadi GB 50 kwa wasilisho moja.

Kabla ya kupakia chochote, ficha utambulisho wa waliohojiwa. Kufuta majina na namba za simu hakutoshi, kwa sababu katika kijiji chenye zahanati moja, mstari unaosema "muuguzi, mwanamke, miaka 54" humtambulisha mhusika sawasawa na jina lake. Badili umri uwe makundi, unganisha kazi zilizo adimu, na uondoe alama za GPS za nyumba. Isome upya fomu ya ridhaa pia, kwani mtu aliyekubali kuzungumza na wewe huenda hakukubali majibu yake yasomwe na wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 zinamlinda kila anayeweza kutambulika.

Hifadhi majedwali kama CSV (faili la maandishi matupu ambalo thamani zake hutenganishwa kwa mkato) kwa usimbaji wa UTF-8, unaohifadhi herufi za lugha zote, kisha andika faili la maelezo bila haraka, maana bila hilo data ni tarakimu tupu. Eleza kila safu, vipimo, misimbo, pamoja na mahali na wakati wa ukusanyaji. Ambatisha dodoso katika lugha iliyotumika uwandani: "kaya" na "familia" si kitu kimoja, na tafsiri ya Kiingereza peke yake inaweza kuifuta tofauti hiyo.

Katika fomu ya kupakia, wataje pia wasaidizi waliokusanya data, ikiwa wameridhia, na uchague leseni. CC BY 4.0, mojawapo ya leseni huria za Creative Commons, inaruhusu matumizi mapya mradi waandaaji wa data watajwe. Namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha data mtandaoni, unaweza kuitenga mapema ili iingie kwenye makala yako. Ukigundua kosa baadaye, toa toleo jipya, ambalo hupata DOI yake, na katika makala taja namba ya toleo lile hasa ulilolichambua.