Umechaguliwa kuongoza jumuiya? Anza na zamu za nyumba

Tumsifu Yesu Kristo. Hongera, na pole pia. Jumuiya ndogo ndogo nyingi za Kikatoliki hapa Dar, yaani majirani wanaosali pamoja nyumba kwa nyumba, humpata mwenyekiti kwa watu kuinamisha vichwa mpaka mmoja ashindwe kukataa, kwa hiyo sishangai kama ulikwenda kusali ukarudi na cheo. Mimi ni katibu wa jumuiya huku Kimara, nimeshafanya kazi na wenyeviti wa kila aina. Ninayokuandikia ni yale ambayo semina ya viongozi parokiani huyapita haraka.

Kwanza jua umekaa wapi. Juu ya jumuiya ipo kanda, yaani kundi la jumuiya jirani, juu ya kanda kigango (tawi la parokia) kama mnacho, kisha parokia, kisha jimbo kuu. Maaskofu wa nchi zetu, chini ya AMECEA (umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki), walikutana Nairobi mwaka 1973, na tena 1976, wakakubaliana kwamba Kanisa huku lijengwe kuanzia jumuiya ndogo ndogo, mahali ambapo watu wanajuana. Kwa hiyo wewe si tarishi wa kukusanya bahasha za zaka. Wala si paroko mdogo. Hata halmashauri ya parokia, kwa Sheria ya Kanisa ya 1983, kanuni ya 536, kauli yake ni ya ushauri tu. Jambo likikushinda, lipandishe kanda kwanza. Usimgongee Baba Paroko usiku.

Kazi yako ya kwanza ni ratiba ya zamu. Huku kwetu wapangaji ni wengi kuliko wenye nyumba, na sala ikizunguka kwenye nyumba zenye geti peke yake, uongozi nao utabaki ndani ya mageti hayo hayo. Mpangaji wa chumba kimoja atakwambia, "Mama, kwangu hapatoshi." Mjibu, "Tutakaa koridoni, mwanangu, mkeka nitakuja nao mimi." Siku mbili kabla, nenda wewe mwenyewe ukamwombe ruhusa mwenye nyumba. Akiwa Mwislamu, usimkwepe kwa hofu: mpe shikamoo yake, mwambie mtaanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi na saa moja na nusu mtakuwa mmeondoka. Wengi hukubali, na kuna wanaotoa na viti.

Halafu piga marufuku chai. Najua hili wengi hawalipendi, lakini sina msamaha nalo. Nyumba ya kwanza inatoa chai na mkate, ya pili inaongeza chapati, ya tatu inapika supu, na mwenye zamu ya nne anatuma ujumbe kwamba amesafiri. Hajasafiri. Yuko ndani, kafunga mlango, kwa sababu hana hela ya supu.

Sala yenyewe msiirefushe. Mnasoma Injili ya Dominika inayofuata kwa zile hatua saba za kushirikishana Injili. Angalia ya sita, ile ya kuulizana tufanye nini juma hili. Ndiyo inayorukwa kila mara, maana muda unakuwa umekwisha na watu wanawaza daladala. Mimi hukata maoni ya hatua ya tano, ile ya kila mtu kusema neno lililomgusa, mapema, hata kama mzee anayeongea ana hekima, ili ya sita ipate dakika zake. Jibu liwe na jina la mtu na siku: nani anakwenda kumwona mgonjwa, lini, na nani anamsindikiza.

Sasa msiba. Hapa ndipo jumuiya zinapovunjika, na hazivunjiki kwa imani, zinavunjika kwa rambirambi. Kaeni mkubaliane kabla hajafa mtu. Nani anahesabika: mwenza, mtoto, mzazi, hilo halina ubishi. Je, mkwe? Je, mdogo wa marehemu baba anayeishi Bukoba? Kiwango ni kipi, na ni kile kile kwa mwenye maghorofa na kwa muuza mihogo? Andikeni, someni kwa sauti, kila mmoja atie sahihi. Anayetaka kumwongezea rafiki yake kitu, ampe mkononi kwa jina lake mwenyewe. Fungu la jumuiya lisiguswe. Na marehemu akisafirishwa kwenda kuzikwa kwao, amueni mapema kama jumuiya inatuma mwakilishi au inaishia kwenye kuaga, kwa sababu ukimsindikiza mmoja mpaka Moshi, wa Songea atakuuliza.

Msione aibu kujadili mambo ya mgao. Matendo ya Mitume sura ya 6 inasema wazi: wale saba walichaguliwa baada ya manung'uniko kwamba wajane wa upande mmoja wanasahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuwaambia wanung'unikaji waombe zaidi. Waligawa kazi.

Fedha isiingie kwenye simu ya mwenyekiti. Mnaotuma kwa simu, tumieni namba ya mweka hazina, na jioni ile ile katibu aandike kwenye daftari lake aliyetoa na kiasi. Madaftari mawili, mikono miwili. Kila mwezi jumla isomwe mbele ya watu, na asiyetoa asitajwe. Grupu la WhatsApp ni la matangazo na taarifa za misiba. Ugomvi ukianza humo, usijibu humo, vaa viatu uende kwa mtu.

Kuna jambo la barua za utambulisho. Mtu anataka kubatiza mtoto, kufunga ndoa, au amefiwa, na anahitaji sahihi yako. Nimeshuhudia kiongozi mmoja akizuia sahihi maiti iko mochwari, eti familia inadaiwa michango. Soma kanuni ya 1184 ya Sheria ile ile ya Kanisa, inayotaja wanaonyimwa mazishi ya Kanisa: waasi wa imani, wazushi na wafarakano wa wazi, waliochagua maiti yao ichomwe kwa sababu zinazopinga imani ya Kikristo, wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungewakwaza waamini, na hata hao ikiwa hawakuonyesha dalili ya toba. Anayedaiwa mchango wa kiwanja hayumo. Weka sahihi, deni mtalizungumza baada ya matanga.

Vyama vya kitume havihitaji maneno mengi. WAWATA (wanawake), UWAKA (wanaume) na VIWAWA (vijana) wanawachukua watu wale wale ulionao, basi omba kalenda zao mapema na usipange kikao siku yao.

La mwisho, tafuta msaidizi wa katibu ambaye ni kijana na mpangaji, umfundishe kuandika muhtasari tangu mwezi wa kwanza. Ukifika uchaguzi mwingine, makabidhiano yafanyike kwenye sala: daftari la wanajumuiya, daftari la fedha, muhtasari wa vikao, masufuria na turubai kama mnalo, vyote vihesabiwe na sahihi ziwekwe na anayetoa na anayepokea. Na funguo za stoo usibaki nazo.